Wilhelm Schickard na "saa ya kuhesabia": maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Anayesoma historia ya kompyuta hulikuta jina la Schickard, Mjerumani aliyebuni mashine ya kuhesabu, katika mstari mmoja kabla ya Mfaransa Pascal, au halikuti kabisa. Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayorudiwa zaidi na wanafunzi, walimu na wapenzi wa historia ya sayansi. Ukitaka mashine tu, ruka hadi swali la 6. Ila ukifanya hivyo utamkosa mtu mwenyewe, na kwa maoni yangu mtu huyu anavutia kuliko mashine yake.

## Mtu mwenyewe

1. Wilhelm Schickard ni nani?

Ni Mjerumani aliyezaliwa tarehe 22 Aprili 1592 huko Herrenberg, mji mdogo ulio karibu na Tübingen, katika eneo la Württemberg, kusini-magharibi mwa Ujerumani ya leo. Alianza kazi akiwa mtumishi wa kanisa la Kilutheri, akawa profesa wa Kiebrania, na mwishowe profesa wa falaki na hisabati katika Chuo Kikuu cha Tübingen.

Mwaka 1623 alibuni mashine ya magurudumu ya meno iliyojumlisha na kutoa, ikibeba makumi yenyewe bila mtu kuyakumbuka kichwani. Hakuna mashine ya kukokotoa ya aina hiyo tunayoijua iliyotangulia hiyo. Alifariki kwa tauni mwezi Oktoba 1635, akiwa na umri wa miaka 43.

2. Alitoka katika familia ya wasomi?

Alitoka katika familia ya mafundi. Babu yake alichonga viti vya mbao vya kwaya katika kanisa kuu la Herrenberg, kazi iliyokamilika mwaka 1517 na ambayo bado ipo. Baba yake, Lucas, alikuwa seremala na mjenzi. Ami yake, Heinrich Schickhardt, ndiye msanifu majengo aliyeupanga mji wa Freudenstadt, na katika zama zao alikuwa na jina kubwa kuliko Wilhelm. Upande wa mama kulikuwa na wachungaji. Kijana huyo alikua kati ya randa na Biblia, na maisha yake yote hakuiacha hata moja.

3. Jina lake linaandikwaje, na mbona tarehe hutofautiana?

Utakuta Schickard, Schickhard na Schickhardt. Zama hizo tahajia ya majina ilikuwa haijatulia, hata ndani ya familia moja. Tarehe nazo hutofautiana kwa siku kumi, kwa sababu Württemberg ya Kiprotestanti iliendelea kutumia kalenda ya Juliasi wakati majirani Wakatoliki walikuwa wamekwisha kuhamia ya Gregori.

4. Alisomea uhandisi?

Hapana. Alisoma shule ya monasteri ya Bebenhausen, akaingia Chuo Kikuu cha Tübingen, akapata shahada ya kwanza mwaka 1609 na ya uzamili mwaka 1611. Somo lake kuu lilikuwa teolojia pamoja na lugha za Mashariki: Kiebrania, Kiaramu, na baadaye Kiarabu. Mwaka 1614 alipangiwa ushemasi katika mji wa Nürtingen, akakaa huko hadi 1619.

Ufundi aliupata nyumbani, na muda wa kuutumia aliupata Nürtingen. Huko alijifunza kuchonga picha kwenye mbao na mabamba ya shaba, akawa anajitengenezea vyombo vya kupimia nyota.

5. Alifahamianaje na Kepler?

Johannes Kepler, mwanafalaki mashuhuri, naye alikuwa mtoto wa Württemberg aliyesoma Tübingen. Mwaka 1617 alirudi nyumbani kutoka Linz, nchini Austria, kwa ajili ya jambo zito: mama yake, Katharina, alikuwa ameshtakiwa kwa uchawi. Katika safari hiyo alipita Nürtingen akakutana na shemasi kijana mwenye mikono hodari. Kepler alivutiwa naye mara moja, akampa kazi ya kuchonga michoro ya kitabu chake *Harmonices Mundi*, kilichotoka mwaka 1619.

Urafiki huo uliendelea kwa barua. Tuzishukuru barua hizo, maana bila ya hizo tusingejua lolote kuhusu mashine.

## Mashine

6. Kwa nini mwalimu wa Kiebrania alibuni mashine ya kuhesabu?

Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni Kepler. Kwa miaka mingi alikuwa akiandaa majedwali ya mwendo wa sayari, *Tabulae Rudolphinae*, yaliyochapishwa hatimaye mwaka 1627. Kila mstari wa majedwali yale ulidai kuzidisha na kugawanya tarakimu nyingi kwa mkono, usiku na mchana. Msaada ulikuwa umeanza kufika kutoka Scotland. Mwanahisabati John Napier alitangaza logarithimu, namba zinazogeuza kuzidisha kuwa kujumlisha, mwaka 1614, na mwaka 1617 akatoa vijiti vilivyoandikwa jedwali la kuzidisha, ambavyo mtu alivipanga kando kwa kando ili kupata jibu. Vijiti vile vilirahisisha kuzidisha lakini vilikuachia kujumlisha, na kujumlisha ndiko watu wanakokosea.

Sababu ya pili ni tabia yake. Schickard hakuweza kuona kazi ya kuchosha akili akaiacha hivyo hivyo. Alipokuwa profesa wa Kiebrania kuanzia mwaka 1619, aliwaona wanafunzi wakihangaika na minyambuliko ya vitenzi. Akawatengenezea *Rota Hebraea*, visahani vya karatasi vinavyozungushwa kimoja juu ya kingine hadi umbo linalotakiwa linajitokeza dirishani. Mwaka 1623 alitoa *Horologium Hebraeum*, kitabu cha kujifunza misingi ya Kiebrania kwa masomo 24, kila somo saa moja, ambacho kilichapishwa tena na tena hata baada ya kufa kwake. Mwaka ule ule akaja na mashine. Aliyekwisha kuona sarufi ikizungushwa kwenye kisahani hashangai kuona hesabu ikifuata njia hiyo hiyo.

7. Ilikuwa na sehemu gani?

Tatu, zilizopangwa juu, kati na chini.

Juu kulikuwa na mitungi sita iliyosimama wima, kila mmoja umeandikwa jedwali zima la kuzidisha la Napier. Ukizungusha kitasa cha juu ya mtungi, unachagua tarakimu. Mbele ya mitungi kulikuwa na vibao vya kulala vyenye madirisha, kimoja kwa kila kizidishio kuanzia 2 hadi 9. Ukivuta kibao cha 6, madirisha yanakuonyesha kila tarakimu uliyoichagua ikiwa imezidishwa kwa 6.

Katikati kulikuwa na kijumlishi, yaani visahani sita vya kuzungusha, kimoja kwa mamoja, kimoja kwa makumi, na kuendelea hadi malaki. Ukizungusha upande mmoja unajumlisha, ukigeuza upande wa pili unatoa.

Chini kulikuwa na vitasa sita vilivyoonyesha tarakimu kwenye vitundu vidogo. Hivi havikukokotoa kitu. Vilikuwa daftari tu la kuwekea namba usiyotaka kuisahau, kwa mfano jibu la kugawanya linapojengeka tarakimu kwa tarakimu.

Schickard mwenyewe alitumia jina la Kijerumani *Rechenuhr*, saa ya kuhesabia, na si ajabu: ufundi wa magurudumu yale ulikuwa ufundi wa watengeneza saa.

8. "Kubeba moja" kulifanyikaje bila mtu?

Hapa ndipo penye ubunifu. Katika barua ya tarehe 20 Septemba 1623 alimwandikia Kepler kwamba mashine ina magurudumu 11 kamili na 6 yaliyokatwa meno. Idadi hiyo ukiichambua inakufungulia siri. Magurudumu 6 kati ya yale 11 ni ya tarakimu, kila moja likiwa na meno kumi. Matano yaliyobaki hukaa katikati ya jirani na jirani, ili yote yazunguke upande mmoja. Bila hayo, kila gurudumu lingemsukuma mwenzake kinyumenyume. Yale sita "yaliyokatwa" yamebakiwa na jino moja tu.

Gurudumu la mamoja linapozunguka kutoka 0 hadi 9, lile jino moja linapita hewani bila kugusa kitu. Linapotoka 9 kurudi 0, jino linalikamata gurudumu la katikati, nalo linasogeza makumi kwa hatua moja. Ni jambo lile lile unaloliona kwenye mita ya kilomita ya gari la zamani. Ukitoa, jino hilo hilo linafanya kazi kinyume, yaani linakopa kutoka kwa jirani wa kushoto.

Barua inaonyesha kwamba sehemu hii ndiyo iliyomfurahisha zaidi: anamwambia Kepler kuwa angecheka laiti angekuwepo akaona jinsi makumi na mamia ya kushoto yanavyojikusanya yenyewe, au yanavyoibiwa kidogo wakati wa kutoa. Jumla ikivuka tarakimu sita, kengele inalia.

9. Naomba mfano kamili wa kuzidisha.

Tuchukue 378 × 46.

Unaweka 3, 7 na 8 kwenye mitungi mitatu ya kulia. Unavuta kibao cha 6. Madirisha yanaonyesha 18, 42 na 48. Sasa unahamishia kwenye visahani: 48 kuanzia mamoja, 42 kuanzia makumi, 18 kuanzia mamia. Kijumlishi kinabeba panapohitajika na kukuonyesha 2268.

Hufuti kitu. Unarudisha kibao cha 6, unavuta cha 4, unaona 12, 28 na 32. Kwa kuwa hii 4 ni ya makumi, unasogea hatua moja kushoto: 32 inaanzia makumi, 28 mamia, 12 maelfu. Umeongeza 15120 juu ya 2268, na visahani vinasoma 17388.

Kugawanya ni safari hiyo hiyo kwa kurudi nyuma: unatoa badala ya kujumlisha, na kila tarakimu ya jibu unaiweka kwenye vitasa vya chini.

10. Kwa hiyo haikuzidisha yenyewe?

Haikuzidisha yenyewe. Mitungi ilikupa vipande vya jibu na kijumlishi kilivikusanya, ila kuvihamisha kutoka juu kwenda katikati ilikuwa kazi ya mkono wako. Maelezo ya mtandaoni yanayosema mashine "ilifanya matendo yote manne kwa kujiendesha" yanaipa sifa isiyo yake. Kilichojiendesha ni kubeba na kukopa.

11. Ilikuwa na udhaifu gani?

Mkubwa ni nguvu. Fikiria visahani vinasoma 099999 halafu unaongeza 1. Kidole chako kinachosukuma gurudumu la mamoja kinapaswa, kwa msukumo huo mmoja, kusogeza magurudumu yote mengine kupitia mnyororo wa meno. Kila kubeba kunaongeza msuguano, na wote unakuja mahali pamoja. Kwa meno yaliyokatwa kwa tupa ya karne ya 17, jino moja lililopinda lilitosha kukwamisha kila kitu. Tarakimu sita pengine ndicho kikomo cha busara cha mtindo huo.

## Kupotea na kupatikana

12. Mashine ya asili ipo wapi leo?

Haipo. Schickard alimwagiza fundi wa Tübingen aitwaye Johann Pfister atengeneze nakala kwa ajili ya Kepler. Katika barua ya tarehe 25 Februari 1624 anatoa habari mbaya: usiku, siku tatu kabla, moto ulizuka nyumbani kwa Pfister na kuteketeza vitu pamoja na mashine iliyokuwa haijakamilika. Ile ya kwanza aliyoitaja mwaka 1623 nayo haijulikani ilikokwenda.

13. Mbona hakutengeneza nyingine?

Katika barua hiyo hiyo anaeleza huzuni yake, na kwamba fundi hana nafasi ya kutengeneza nyingine upesi. Baada ya hapo barua hazirudii jambo hilo. Mwaka huo huo alianza kupima ramani (swali la 20), na vita ilikuwa inasogea karibu. Mimi naona pia kwamba yeye hakuichukulia mashine kama kazi kuu ya maisha yake. Ilikuwa zawadi kwa rafiki.

14. Kama iliungua, tumeijuaje?

Barua zake kwa Kepler zilichapishwa mwaka 1718 ndani ya mkusanyo wa barua za Kepler, lakini hazikuwa na michoro, na maelezo bila mchoro hayakumsaidia mtu kuelewa.

Hati za Kepler zenyewe zilisafiri sana. Karne ya 18 zilinunuliwa na Malkia Katarina wa Pili wa Urusi, na baadaye zikahifadhiwa kwenye kituo cha falaki cha Pulkovo, karibu na Saint Petersburg. Humo, mwaka 1935, mtafiti Franz Hammer aliyekuwa akiandaa maandishi ya Kepler alikuta karatasi yenye mchoro wa mashine. Mchoro mwingine, wenye maelekezo kwa fundi, ulikuwa umelala Stuttgart. Miaka ya 1950 Hammer aliunganisha vipande hivyo, na mwaka 1957 akavieleza mbele ya wanahisabati huko Oberwolfach.

Mmoja wa walioshika jambo hilo kwa bidii alikuwa Bruno von Freytag-Löringhoff, profesa wa Tübingen. Somo lake, ajabu, lilikuwa falsafa. Kufikia mwaka 1960 alikuwa ametengeneza mashine inayofanya kazi kwa kufuata michoro na barua.

15. Nakala hiyo inathibitisha kuwa ya asili ilifanya kazi?

Inathibitisha kwamba wazo ni sahihi. Haithibitishi kwamba chuma na mbao za mwaka 1623 zilizunguka bila kukwama. Michoro haina vipimo vyote, na mtengenezaji wa kisasa hulazimika kujaza mapengo, kwa mfano namna ya kuhakikisha gurudumu linatulia kwenye tarakimu na halisimami katikati ya mbili. Kwa upande mwingine, Schickard anaeleza jinsi makumi yanavyobebwa kama mtu aliyeyaona yakibebwa, naye alikuwa fundi wa mikono yake mwenyewe. Mimi namwamini.

## Mabishano

16. Kwa nini vitabu vingi vya shule vinamtaja Pascal kuwa wa kwanza?

Kwa sababu hadi katikati ya karne ya 20 hakuna aliyekuwa na sababu ya kusema vinginevyo (swali la 14), na vitabu vya shule hunakiliana. Blaise Pascal alizaliwa Juni 1623, miezi michache tu kabla ya ile barua ya Septemba. Alianza kazi ya mashine yake mwaka 1642 ili kumsaidia baba yake aliyekuwa ofisa wa kodi mjini Rouen, Ufaransa. Mashine zake kadhaa bado zipo kwenye makumbusho hadi leo, na huo ni ushahidi ambao Schickard hana.

Ukiulizwa kwenye mtihani, angalia swali lilivyotungwa. "Nani alibuni kwanza?" ni Schickard. "Mashine gani kongwe bado ipo?" ni ya Pascal.

17. Pascal aliiba wazo lake?

Hakuna dalili yoyote. Barua zilikuwa mikononi mwa warithi wa Kepler, hazikuchapishwa hadi miaka 56 baada ya Pascal kufariki. Muundo nao ni tofauti: Pascal alitumia kizito kinachoinuliwa taratibu kisha kuanguka na kusukuma gurudumu la jirani, hivyo tatizo la swali la 11 akalipunguza. Hata hivyo magurudumu yake hayakurudi nyuma, na kutoa kulihitaji ujanja wa namba kamilishi, yaani kujumlisha namba nyingine badala ya kutoa. Ya Schickard ilitoa kwa kugeuza mkono tu.

18. Leibniz anaingia wapi?

Gottfried Wilhelm Leibniz, Mjerumani mwingine, alizaliwa mwaka 1646, Schickard akiwa amefariki miaka 11 nyuma. Mwaka 1673 alionyesha mjini London mashine yake yenye silinda ya meno ya urefu tofauti, iliyorudia kujumlisha kwa kuzungusha mpini. Hapo ndipo kuzidisha kulianza kutoka mkononi kuingia ndani ya mashine.

19. Tuiite kompyuta ya kwanza?

Hapana. Haikufuata programu. Kwa kompyuta ya Kijerumani, mtafute Konrad Zuse na mashine yake ya Z3 ya mwaka 1941.

## Kazi nyingine, kifo na jina

20. Alifanya nini kingine?

Mengi, na zama zake alijulikana kwa hayo. Mwaka 1623 alitoa *Astroscopium*, ramani ya nyota iliyochorwa ili ikunjwe kuwa koni ya karatasi, ambayo ukichungulia ndani yake unaona anga. Kuanzia 1624 alizunguka Württemberg akipima nchi kwa pembetatu, na mwaka 1629 akaandika mwongozo mfupi wa namna ya kutengeneza ramani sahihi. Mwaka 1628 alichapisha *Tarich*, kitabu kuhusu wafalme wa Uajemi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa jina hilo limetoka wapi.

Michael Mästlin, aliyewahi kumfundisha Kepler, alipofariki mwaka 1631, Schickard alirithi kiti chake cha falaki huku akiendelea kufundisha Kiebrania.

21. Alikufaje?

Vita ya Miaka Thelathini, iliyopiganwa Ulaya kati ya Waprotestanti na Wakatoliki, ilipiga Württemberg mwaka 1634. Septemba mwaka huo majeshi ya Kiprotestanti yalishindwa vibaya huko Nördlingen, na Tübingen ikatekwa na majeshi ya Kaisari wa upande wa Kikatoliki. Ami yake, Heinrich, alijeruhiwa na askari akafa Januari 1635. Nyuma ya majeshi ilifuata tauni. Ilichukua mke na mabinti wa Schickard, kisha yeye mwenyewe tarehe 23 au 24 Oktoba 1635, na mwanawe aliyebaki akamfuata. Hakubaki mrithi wa kutunza karatasi zake, na hiyo ni sehemu ya jibu la kwa nini alisahaulika.

22. Kuna kilichopewa jina lake?

Chuo Kikuu cha Tübingen kimekipa kitengo chake cha sayansi ya kompyuta jina la Wilhelm Schickard. Mwezini kuna kreta ya Schickard, yenye upana wa zaidi ya kilomita 200. Mwaka 1973 posta ya Ujerumani Magharibi ilitoa stempu ya kutimiza miaka 350 ya mashine.

23. Kwenye picha yake maarufu ameshika mashine ya kuhesabu?

Watu wengi hudhani hivyo. Katika picha hiyo ya mwaka 1632 ameshika kifaa cha mkononi cha kuonyesha sayari zikilizunguka Jua, kwa mujibu wa Copernicus. Mashine ya kuhesabu haionekani kwenye picha hiyo. Kuiona, ni hadi ile michoro ya kalamu aliyomchorea Kepler na fundi.